Mkono Ndani ya Stoo

Stoo ilianza kunuka ulezi ulioungua kabla Andwele hajafungua hata chupa moja ya dawa ya kusafishia picha. Alinusa mikono yake, akanusa magunia, kisha akajiambia kuwa ni moshi wa jikoni unapenya ukutani. Lakini jikoni Sekela, mkewe, hakuwa amewasha moto tangu asubuhi.

Ilikuwa Agosti 1974, saa nane mchana, upepo wa Ufipa ukigonga mabati ya Sumbawanga. Andwele alikuwa karani kutoka Mbeya, na ofisi ilikuwa imempa kamera apige picha za watu wakihamia vijiji vya ujamaa. Mikanda yake yote ilipelekwa Mbeya kusafishwa. Huu mmoja aliuficha. Aliomba dawa kwa mpiga picha mmoja wa mjini, akaandika maelezo kwenye karatasi, akaziba dirisha la stoo kwa mablanketi mawili. Maishani mwake hakuwa amewahi kusafisha picha.

"Mama Atusaye, usifungue mlango huu hata kidogo. Mwanga ukiingia, picha zote zimeharibika."

"Picha gani hizo za kujifichia?" Sekela aliuliza, mtoto wao Atusaye mgongoni.

Andwele aliingia stoo, akafunga mlango.

Gizani alifungua mkanda, akaanza kupapasa ili aingize ncha yake kwenye gurudumu la plastiki, lile linalotumbukizwa kwenye kopo la dawa. Ncha ilikataa. Akajaribu tena na tena, jasho likimtoka. Ndipo mkono mwingine ukauchukua mkanda vidoleni mwake, taratibu, ukauingiza vizuri na kuanza kuuzungusha.

Ulikuwa mkono mkavu, wenye sugu, na wa moto.

"Sekela! Nimekwambia usiingie!"

"Niko huku uani naanika nguo," Sekela akajibu kutoka nje. "Unaongea na nani?"

Andwele aliruka kuelekea mlangoni. Mkanda ulimfuata, ukamzunguka viganja, ukapanda mikononi, ukamkaba shingo mpaka ngozi ikachanika, na alipofumbua kinywa apige kelele moshi ukamwingia, moshi mzito wa nyasi za paa na nafaka, na ndani ya moshi huo mtu alikuwa anakohoa karibu kabisa na sikio lake, anakohoa kama mzee anayekata roho, huku ngumi zikimshukia usoni moja baada ya nyingine, zikimng'oa meno.

"Fungua," sauti ilinong'ona. "Dakika tano zimekwisha."

Nje, Sekela aliona moshi ukitoka chini ya mlango. Alivuta, mlango ukagoma, ingawa haukuwa na kufuli. Alimweka mtoto chini, akachukua shoka, akapasua mbao. Ubao wa pili ulipoanguka, kitu kisichoonekana kilimpiga kifuani, kikamrusha hadi kwenye kamba ya nguo. Mkono wake wa kushoto ulivunjika kwa mlio uliosikika hadi nyumba ya pili.

Huko alikaa Bibi Cornelia, mkunga wa Kifipa ambaye watu walimwita kwa siri kila walipozidiwa nguvu na pepo. Alifika mbio, rozari shingoni, bakuli la maji ya dawa mkononi. Alipochungulia alimwona Andwele amebanwa ukutani, miguu haigusi sakafu, uso umevimba, na hakuna aliyemshika.

Bibi alinyunyiza maji, akasema maneno kwa Kifipa. Kisha akauliza kwa Kiswahili, ili Sekela naye asikie:

"Mzee, unataka nini katika nyumba hii?"

Kinywa cha Andwele kilifunguka, ikatoka sauti ambayo haikuwa yake. "Nifungulieni mlango."

"Nani aliufunga?"

Kidole kidogo cha Andwele kikapinda nyuma, polepole, mpaka kikavunjika. Akalia kwa sauti yake mwenyewe.

"Sema, mwanangu," Bibi Cornelia alinong'ona. "Maji yangu hayamtoi huyu. Anangoja kukusikia wewe."

Kidole cha pili kilianza kupinda.

"Mimi!" Andwele alipiga yowe. "Mzee Eustaki, kule upande wa Msanzi! Alikataa kuhama. Kila nikitaka kupiga picha ya watu wanaondoka wakicheka, anatoka anapiga kelele. Nikamsukuma ndani, nikafunga mlango kwa kamba. Nilimwambia dakika tano tu. Wanamgambo wakachoma nyumba, hawakujua yumo. Mimi nilijua. Nikanyamaza!"

Mkanda ulilegea, Andwele akaanguka. Joto likatoka stoo, na upepo wa baridi ukaingia kupitia mlango uliopasuliwa. Mwanga ulikuwa umeshaufikia mkanda. Picha zote zilikuwa zimekufa, hata ile ya mlango uliofungwa kamba, ambayo kwa ajili yake aliogopa kuupeleka mkanda Mbeya kabla hajaiona mwenyewe. Sasa ushahidi ulikuwa kinywani mwake tu. Bibi Cornelia alisema mzee ameondoka, hatarudi.

Andwele alimtazama mkewe. "Sekela, haya yabaki humu ndani."

Sekela alikuwa ameushika mkono wake uliovunjika.

"Kesho tunakwenda Msanzi," alisema. "Usipokwenda, nitakwenda peke yangu."

Walimkuta Bertilla, binti wa mzee, kwenye kijiji kipya. Miezi miwili alikuwa akiamini kuwa baba yake alikimbilia kwa ndugu zake. Andwele alimwambia yote akiwa amesimama, mbele ya majirani. Bertilla hakulia. Alichukua jembe, akawaongoza mpaka kwenye majivu ya nyumba yao ya zamani, akaanza kuchimba pale palipokuwa na mlango. Baada ya muda aliinua uso.

"Alipokuwa anaungua, alisema nini?"

"Upepo ulikuwa mkali," Andwele alisema. Kisha akainamisha kichwa. "Aliita jina lako. Mara nyingi."

Bertilla alimpiga kwa mpini wa jembe, mara moja, kwenye taya iliyokuwa bado imevimba. Watu hawakumzuia. Kisha akarudi kuchimba, na Andwele akapiga magoti kando yake, akaanza kuchota majivu kwa mkono uliobaki mzima.