Mwaka Ulioandikwa kwa Mkono

Saa mbili na dakika kumi asubuhi, Jumanne, Verna Hrynkiw aliikuta sentensi yenyewe katika ukurasa wa 61 wa tasnifu ya Lorelei Friesen. Ilisema mbegu ya kitani inayostahimili chumvi iligunduliwa kwanza na "(Bilodeau 2015b)".

"Sikuiandika mimi, mama," Lorelei alisema, macho yamemvimba. "Mbegu ile ni yangu. Miaka minne!"

Msimamizi wake, Profesa Corbett, alikwisha kupeleka malalamiko: mwanafunzi anajitwalia ugunduzi ambao tasnifu yake mwenyewe inakiri ni wa mwingine. Saa sita mchana kamati ingemfukuza.

Verna alikuwa mkaguzi wa tasnifu chuoni hapo, Saskatoon. Mfumo wa kupanga chapa alijifunza ukubwani, madarasa ya jioni, kwa hiyo hakuamini kitu mpaka akijaribu. Alifungua orodha ya marejeo. Bilodeau alikuwa na makala mbili za 2015, zilizotofautishwa kwa herufi: a, kuhusu kitani; b, kuhusu samaki wa ziwani.

Samaki?

"Nani mwingine anaweza kufungua faili hili?"

"Profesa. Na Garth Bilodeau, mtafiti mwenzetu. Ndiye aliyenifundisha mfumo."

Saa nne kasoro robo wote walikuwa ofisini, theluji ikiyeyuka viatuni. Verna alimtazama Garth kwa jicho la shaka; jina lililonufaika lilikuwa lake. Akashika msalaba shingoni, akamwomba Mungu amwepushe na kumponza asiye na hatia.

"Garth, 2015b ni makala ipi?"

"Inategemea orodha ya nani. Herufi inawekwa na mfumo, kwa alfabeti ya vichwa vya makala. Mpaka nione."

"Anakwepa huyo!" Corbett alicheka. "Ni ya kitani, dada. Samaki ilitoka Januari, kitani Oktoba. Herufi zangu naziandika mwenyewe miaka thelathini sasa, sitaki mashine inifundishe kuhesabu."

"Unazipanga kwa miezi?"

"Kwa miezi. Kama watu wazima."

Verna aliwageuzia skrini. Akabadilisha mstari mmoja tu mwanzoni mwa faili, marejeo yawe ya namba badala ya jina na mwaka. Marejeo mia mbili na kumi na mawili yakageuka namba papo hapo. Ukurasa wa 61, moja likabaki vilevile: (Bilodeau 2015b).

"Lorelei huita marejeo kwa amri ya mfumo, ndiyo maana yametii," Verna alisema. "Hili limechapwa kwa mkono. Garth angetumia amri, na mfumo ungempa a. Aliyeandika b hupanga kwa miezi."

Garth alimgeukia Corbett.

"Lakini kwa nini jina langu, Profesa?" Garth aliuliza.

"Mwaka 2015 uliajiriwa na nani?" Verna akamuuliza.

"Na... yeye."

"Basi ulichogundua wakati ule ni mali ya maabara yake. Alichogundua Lorelei ni cha Lorelei. Kuna kampuni inayoitaka mbegu hiyo, Profesa, au nakosea?"

Corbett alipigapiga meza kwa kidole. "Shamba langu, chumba changu cha kuoteshea. Huyu alimwagilia maji tu!"

 Akatambua alichokiri, akaketi.

Saa tano na dakika ishirini barua ya Verna ilifika kwenye kamati, ikieleza nani aliyeiandika sentensi ile. Alirudisha mtindo wa jina na mwaka, kisha akamsogezea Lorelei kibodi. Msichana aliifuta sentensi ile herufi moja moja, kama ilivyoingia.