Msiba Wenye Kuta za Kijani

Shangazi Mwatano aliingia msibani akiangua kilio, na ukuta wa sebule ulimwona kabla ya mtu yeyote. Ulikuwa mweupe. Ukaanza kugeuka taratibu, kuanzia usawa wa macho yake, ukawa kijani cha mpunga unaochipua, kisha samawati ikapenya kwa chini kama maji yanavyoingia jarubani. Alipofika katikati ya chumba, kilio kilikuwa kimekwisha. Akaketi mkekani, akajifuta uso, akauliza kama chai imetiwa tangawizi.

"Imetiwa, Shangazi," alijibu Sikudhani. "Karibu."

Mhandisi Sikudhani Mloka ndiye aliyeibuni rangi ile. Na aliyelala chumba cha pili, amefunikwa shuka, alikuwa mdogo wake Kobelo, mchanganyaji wa rangi hiyohiyo katika kiwanda cha pale Morogoro. Sikudhani aliyajua yote mawili, tena kwa pamoja, na hayakumuuma. Alijisikia vizuri tu, kama mtu aliyeshiba akapata na upepo wa dirishani.

Waliiita rangi-pumzi. Ndani yake mna vijicho vidogo kuliko vumbi la unga. Vinasoma pumzi ya mtu, mapigo ya mshipa wa shingoni na joto la uso, kisha chembe za rangi zinageuza upande mpaka ipatikane rangi itakayomtuliza. Jicho likishapokea, mwili unatii bila kumuuliza mwenyewe. Sikudhani aliitengeneza kwa ajili ya wodi ya wazazi, na akina mama wakajifungua wametulia. Hilo lilikuwa jambo jema, asinyang'anywe sifa yake.

Lakini wakubwa hawachelewi kuona. Rangi ikahamia vituo vya polisi, ikahamia ofisi za kata ambako watu huja kuuliza kwa nini wamevunjiwa nyumba. Kisha wafanyakazi wa kiwanda walipogoma, wakidai barakoa zinazozuia kweli vumbi la rangi, wakakaribishwa bwaloni kwa mazungumzo. Waliingia wamekunja ngumi. Wakala pilau, wakatazama kuta mpya, wakarudi kwenye mapipa. Magazeti yakaandika kwamba wafanyakazi wa Morogoro wamekomaa. Zamani walau tulipigwa virungu, na mtu akipigwa kirungu anajua kapigwa. Baada ya hapo kila nyumba ya mfanyakazi ikapakwa rangi bure.

Bwana Gervas, afisa wa kampuni, alikuwa amesimama mbele ya waombolezaji, amevaa miwani ya kijivu inayofifisha rangi. Mkononi alishika kibao cha kidijitali cha ridhaa.

"Mama zangu, baba zangu, poleni," alisema. "Marehemu alikuwa na pumu tangu utotoni. Mkiridhia, tunamzika leoleo. Ya nini madaktari kumpasua kijana wa watu? Mkubwa wa familia aweke kiganja hapa, basi."

"Huyu kijana ana adabu," alisema Shangazi, akijikokota kumsogelea.

Kobelo hakuwa na pumu. Alipokuwa mdogo alipanda milima ya Uluguru na mkungu wa ndizi kichwani, anaimba. Kiganja kile kikigusa kibao, mapafu yake yangeingia kaburini na chochote kilichomo, na mchanganyaji mwingine angechukua nafasi yake kwenye pipa. Sikudhani aliyawaza hayo kama anasikia redio ya jirani.

Hapo mlango ukapigwa teke. Akaingia Lugembe, fundi pikipiki wa mtaa wa pili, Mnyamwezi. Wanyamwezi na Waluguru ni watani, na kazi ya mtani msibani ni kuwatukana wafiwa mpaka wacheke huku wanalia.

"Nani kafa? Mluguru?" alifoka. "Kumbe na nyie mnakufa! Mi nilidhani mnaisha tu kama sabuni! Kobelo, amka! Unalala mchana kweupe kama shemeji aliyekuja kukaa?"

Midomo ya watu ikaanza kucheza. Lakini ukuta haukuwahi kufundishwa utani. Ulisikia makelele, ukaona mishipa ya shingo, ukajua ni ugomvi. Chumba kizima kikawa waridi zito. Sauti ya Lugembe ikashuka. Akavua kofia, akakunja mikono.

"Poleni sana, ndugu zangu," alisema kwa upole. "Mungu awatie nguvu."

Shangazi alikuwa ameshakinyooshea kibao kiganja; mkono ukamganda hewani.

"Mtani ananipa pole?" aliuliza polepole. "Lugembe. Nitukane basi."

"Siwezi, mama. Nyie ni watu wazuri."

"Hata kidogo? Niambie nina miguu ya bata, kama siku zote."

"Una miguu mizuri, mama."

Sikudhani alimtazama Lugembe, kisha akaitazama miwani ya Gervas. Akafumba macho.

Mwanzoni utulivu ulibaki. Halafu ukaanza kumtoka, kama maji yanavyotoka kwenye beseni lililotoboka. Kikamjia akilini kikohozi cha Kobelo, kile alichokuwa akikifunika kwa kicheko. Kikaja tena. Sikudhani akapiga yowe ambalo nyumba ile haikuwahi kulisikia. Ukuta ukamkimbilia kwa rangi zake zote, lakini yeye hakuwa akitazama.

"Fumbeni macho!" alipiga kelele. "Shangazi, fumba! Fumbeni wote!"

Wakatii mmoja mmoja, kwa ustaarabu, maana walikuwa bado wametulia. Kisha kutoka pembeni ikasikika sauti ya Lugembe, nzito, inatetemeka.

"Kobelo, mshenzi mkubwa wewe. Nani atanicheka sasa?"

Kilio kikalipuka chumba kizima.

"Mama," Gervas alisema haraka, akisogeza kibao, "kiganja tu, tumalize."

Shangazi alinyoosha mkono, macho yamefumbwa, machozi yakimtiririka hadi shingoni. Akapapasa. Akakipita kibao, akakishika kifundo cha mkono wa Gervas, akakaza.

"Kaa chini, mwanangu," alisema. "Leo hatuziki. Tuambie Kobelo alikuwa akivuta nini kule kwenye mapipa yenu."

Gervas akageukia mlango. Lugembe alikuwa ameshaupapasa mpaka akaupata, akauegemea kwa mgongo, macho yamefumbwa.