Udongo wa Nyuma ya Zizi

Mama Usafi hakupewa jina hilo bure. Kulipokucha, uwanja wake ulikuwa umeshafagiliwa na masufuria yanang'aa. Hata kuni zake alizipanga.

Bwana shamba aliwaambia wakulima walete udongo ukapimwe. Mama Usafi aliona haya kupeleka ule wa shambani, mwekundu, wenye mawe. Akaenda nyuma ya zizi la zamani, walikolala ng'ombe miaka mingi. Alichota udongo mweusi, laini, akauchekecha, akautia kwenye mfuko safi.

Majibu yalikuja mazuri. Rutuba inatosha, mbolea haihitajiki msimu huu.

"Wifi, umesikia?" alimwambia dada wa mumewe, aliyelima shamba la jirani. "Udongo wangu hauna shida!"

"Basi na mimi siweki mbolea," wifi alisema. "Shamba lako na langu si yamepakana?"

Mama Usafi alitaka kumweleza ukweli, akaishia kuchukua ufagio wake.

Mvua ilinyesha vizuri, lakini mahindi yalidumaa mashamba yote mawili. Majani yakageuka zambarau pembeni. Wifi alivumilia wee, mwisho akachoka. Akamburuta Mama Usafi mpaka ofisini kwa bwana shamba.

"Mwongo wewe!" wifi alimfokea bwana shamba mbele za watu. "Kipimo chako kimetutia njaa!"

Bwana shamba hakupandisha sauti. Alimgeukia Mama Usafi. "Mama, ule udongo uliuchota wapi?"

Uso ulimshuka. Alitamani ardhi ipasuke immeze. Angesema "shambani", lawama zote zingebaki kwa bwana shamba.

"Nyuma ya zizi," alisema kwa sauti ndogo. "Niliona aibu. Sikutaka muone udongo wangu ulivyo."

Mtu mmoja aliangua kicheko. Wifi hakucheka.

"Na mimi ukaniacha nikuamini," alisema, akatoka.

Bwana shamba alimvutia Mama Usafi kiti. "Kipimo kinaeleza udongo ulioletwa tu, mama. Ukimpelekea daktari damu ya mtu mwingine, atakupa dawa gani? Safari hii pita shamba zima, kulia na kushoto. Chota sehemu nyingi, kwa kina kimoja. Changanya kwenye ndoo safi, kisha niletee kidogo. Usichote zizini, njiani wala palipochomwa takataka. Na kila shamba lipimwe peke yake."

Baada ya mavuno, yaliyokuwa haba, Mama Usafi alibisha hodi kwa wifi yake na ndoo mkononi.

"Nimekukosea, wifi. Niruhusu nichote udongo wako kama nilivyofundishwa."

Wifi alimwonyesha shamba kwa kidole.

Majibu yalipotoka, bwana shamba aliwasomea wote wawili. "Mama Usafi, udongo wako una asidi nyingi. Ukiweka mbolea peke yake, mimea haitafaidi vizuri. Anza na chokaa ya kilimo, mapema kabla ya kupanda. Wewe wifi yake, asidi yako si mbaya, huhitaji chokaa. Ila nyote fosforasi, rutuba ya kukuza mizizi, iko chini, ndiyo maana majani yaligeuka rangi. Wekeni mbolea ya kupandia, kwa kiasi kilichoandikwa hapa."

Walifanya hivyo. Msimu uliofuata mahindi yalisimama kijani, mabua manene, magunzi yamejaa punje. Mavuno yalipofika, wapita njia walimsifu Mama Usafi. Yeye aliinama tu akaendelea kuvuna. Sifa zilimchoma, kwani wifi alikuwa bado hajamsamehe.

Ndipo sauti ikatoka shamba la pili.

"Wifi! Gunia linanishinda huku! Unasubiri kadi ya mwaliko?"

Mama Usafi aliacha mahindi yake pale pale, akakimbia.