Jini Aliyetumwa kwa Zakia

Maziwa ya ng'ombe wa Zakia, kule Kwai, yalianza kunuka udi yangali na povu la kukamuliwa. Habari ilipofika sokoni Soni, wanawake walisema ni majani mabaya, au ndoo haioshwi vizuri. Sharifu, aliyekuwa akipanga kabichi zake kando yao, alisita na kabichi mkononi.

Yeye alijua. Zakia alipokataa posa yake, yeye Sharifu alikwenda kwa mganga wa mbali, akapewa jini wa kutumwa ndani ya kichupa, akakifukia kizingitini kwa Zakia. "Asipate raha," aliapa siku ile.

Kisha akasikia kwamba Zakia hali chakula, na kwamba anazungumza kwa sauti ya mwanamume. Aliziacha kabichi pale pale, akabeba jembe na kupanda mlima.

Alimkuta Bi Hadija, mama yake Zakia, uani, macho yamemwiva kwa kulia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," alinong'ona. "Sharifu, mwanangu anaongea kwa sauti yako."

"Anayeongea nilimleta mimi."

Bi Hadija alimzaba kofi. Hakulikwepa.

"Basi mtoe."

Akaanza kuchimba. Ukungu ulikuwa umeshuka mchana ule hadi migombani, na kila alipopiga jembe kitu kilijibu kutoka chini kama mtu anayegonga mlango, harufu ya udi ikazidi, kuku wakanyamaza, na kutoka chumbani sauti yake mwenyewe, ile ile aliyoapia, ikamwita kwa upole kama anavyoitwa ndugu.

"Sharifu. Nimekutumikia. Mbona wanifukuza?"

Alikitoa kichupa. Kilikuwa cha moto, kikipigapiga kiganjani mwake kama moyo wa njiwa.

"Mtoke binti wa watu."

"Niende wapi? Sina pengine ila kwa aliyeniita."

Njia ya kukimbilia ilikuwa wazi nyuma yake. Aling'oa kizibo kwa meno, akanywa yote yaliyokuwamo.

"Njoo basi," alisema huku akikohoa. "Lakini Zakia ulimvizia. Mimi nimekufungulia mlango nikikutazama. Kwangu utakaa, hutatawala."

Ndani, Zakia alipiga ukelele mmoja, kwa sauti yake mwenyewe, kisha akaomba maji. Mama yake alimkimbilia. Hakuna aliyemshukuru Sharifu, wala yeye hakungoja.

Siku hizi anapasua mbao Shume. Hana anayekula naye. Msumeno ukitulia, wenzake humsikia akibishana nyuma ya magogo, sauti mbili zisizotofautiana hata kidogo. Moja husihi, hubembeleza, hulia:

"Turudi Kwai. Bado hajaolewa. Mara moja tu, turudi."

Nyingine hujibu, imekauka kwa uchovu lakini haijashuka hata siku moja:

"Hatuendi."