Taa Nyekundu na Pua ya Felisita

Felisita anaishi Zagayu, wilayani Itilima. Yeye na mumewe, Masele, wanalima pamba na mahindi. Msimu wa kuuza ukifika, Felisita hukaa ghalani na wanawake wenzake wakichambua pamba. Pamba safi inawekwa upande huu, pamba fifi, ile chafu, upande ule. Vumbi la pamba hujaa hewani kutwa.

Mwaka jana pua yake iliziba mwezi wa sita. Mwezi wa kumi ilikuwa bado imeziba. Mashavu yaliuma kwa ndani, hasa akiinama. Makamasi mazito yalimshukia kooni. Alinunua matone ya kuzibua pua, akayatumia kila siku. Mara tatu alinunua vidonge vya amoksilini dukani. Alimeza siku mbili, akaacha. Mwishowe hakusikia tena harufu ya kitu chochote. Hakumwambia mtu.

Asubuhi moja alishika kiberiti ili awashe jiko la gesi. Mama mkwe wake, Kwandu, alikuwa anaingia jikoni.

"Mwangaluka, mayu," Felisita alimsalimia mama yake mkwe kwa Kisukuma.

Kwandu alinusa hewa. Alimpokonya kile kiberiti.

"Toka nje, Mama Josia. Gesi imejaa humu."

"Mbona mimi sisikii harufu?"

"Toka kwanza."

Kwandu alifunga mtungi, akaacha mlango na dirisha wazi. Mpira wa gesi ulikuwa umelegea. Felisita alikaa nje kwenye kigoda. Siku hiyo alimweleza Masele kila kitu.

Masele alikumbuka jambo alilolisikia Bariadi mjini. Kulikuwa na mtu aliyefungua chumba chenye mashine ya mwanga mwekundu. Watu walisema ni leza, na kwamba inamaliza ugonjwa wa pua bila dawa.

"Kesho twende," alisema. "Leo ilikuwa tukuzike."

"Tumuulize Anatoli kwanza," Felisita alijibu.

Anatoli ni jirani yao. Ni afisa tabibu katika kituo cha afya. Alimsikiliza Felisita mpaka mwisho, kisha akamgusa chini ya macho. Felisita alirudisha kichwa nyuma kwa maumivu.

"Ndani ya mifupa ya uso kuna vyumba vidogo vya hewa," Anatoli alieleza. "Vinaitwa sainasi. Vyako vimevimba na njia zake zimeziba. Ukipita miezi mitatu, ugonjwa huo tunauita sugu. Mara nyingi shida si wadudu, ni uvimbe. Ndiyo maana vidonge havikukusaidia. Na yale matone, ukiyatumia zaidi ya siku tano, pua inazidi kuziba."

"Na ile taa ya leza?" Masele aliuliza.

"Leza ya nguvu ndogo ipo, Baba Josia. Haikati wala haiunguzi. Wapo wataalamu wanaoijaribu kwa ugonjwa huu, na wagonjwa wengine walisema maumivu yalipungua. Lakini tafiti ni chache na ndogo. Bado hatujui kama inatibu kweli. Haiwezi kuchukua nafasi ya dawa."

"Kwa hiyo yule mtu ni mwongo?"

"Simjui. Nenda ukamuulize mambo matatu. Amesomea wapi, ana kibali gani, na macho ya mgonjwa anayakinga na nini."

Masele alikwenda. Mwenye mashine alimkaribisha vizuri. Alisema mgonjwa akianza tiba ya mwanga lazima aache dawa zote.

"Wewe umesomea wapi?" Masele aliuliza.

"Mashine inajiendesha yenyewe, mzee."

"Kibali je?"

"Kinashughulikiwa."

"Na macho mnayakinga na nini?"

"Mgonjwa anafumba."

Masele alishukuru, akatoka. Wiki hiyohiyo alimpeleka Felisita hospitali kwa barua ya Anatoli. Daktari alimulika pua yake ndani, akakagua na meno ya juu, kwa sababu jino bovu nalo huweza kuleta ugonjwa huu. Meno yalikuwa mazima. Alimpa dawa ya kupuliza puani kila siku na kumwambia aache yale matone.

"Dawa hii haina haraka," daktari alisema. "Inaweza kuchukua wiki kadhaa. Usiikatishe. Lakini jicho likivimba, au ukipata homa kali, au shingo ikikakamaa, njoo hospitali siku hiyohiyo."

Nyumbani, Anatoli alimwonyesha namna ya kuosha pua. Felisita alichemsha maji kwa dakika tano, akayaacha yapoe. Katika nusu lita alitia chumvi, kijiko cha chai kisichojaa. Aliinama juu ya beseni, akapumua kwa mdomo, akamimina maji puani kwa chupa safi ya kuoshea. Mara ya kwanza alikohoa na kukasirika.

"Hii ni adhabu," alisema.

"Kesho itakuwa nafuu," Anatoli alijibu.

Wiki ya kwanza hakuona mabadiliko. Wiki ya pili alitaka kuacha. Masele alimkumbusha kila asubuhi, na ghalani alianza kuvaa barakoa. Wanawake wawili walimcheka. Baadaye mmoja wao alimuuliza barakoa hizo zinapatikana wapi.

Wiki ya tano maumivu ya mashavu yalikuwa yamekwisha. Pua bado iliziba siku za vumbi kali, lakini alilala vizuri.

Wiki ya nane, jioni, Felisita alirudi kutoka shambani. Kwandu alikuwa anapika michembe, viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, sufuria imefunikwa. Felisita alisimama mlangoni.

"Mayu, leo umetia karanga."

Kwandu aligeuka. "Nani kakwambia?"

"Hakuna aliyeniambia," Felisita alisema.

Kwandu alifunua sufuria. Kisha akavuta kigoda cha pili, akampakulia wa kwanza.