Sahani Tatu za Fundi

Tangu mkewe afariki, fundi cherehani hakupika hata siku moja. Mchana ukifika, binti zake watatu, wote wakiishi jirani, walimletea chakula. Kifungua mimba alileta wali. Wa kati alileta viazi na nyama. Kitinda mimba alileta maharage na soda baridi. Fundi alikula vyote. Angefanyaje, jamani? Kama angemaliza cha huyu na kubakiza cha yule, maneno yangezuka.

Akishashiba, alirudi kwenye cherehani na kuketi hadi jioni. Mwili ukazidi kunenepa. Wateja walimtania: fundi anapima viuno vya wenzake, chake anakiogopa! Alicheka nao. Lakini kupanda ngazi za mlangoni tu kulimwacha akihema.

Siku moja daktari alimpima, akakunja uso.

"Mzee, presha iko juu sana. Dawa nitakupa, lakini na uzito upungue. La sivyo unaweza kupata kiharusi."

Fundi aliingiwa na hofu. Kiharusi ndicho kilichomuua mkewe. Aliwaza binti zake wakizika tena.

Basi akaamua kujinyima. Alishinda na njaa mchana kutwa. Jioni njaa ilimshinda, akazifakamia sahani zote tatu. Aliendelea hivyo siku kadhaa. Kisha asubuhi moja aliinuka kwenye cherehani, chumba kikazunguka, akaanguka chini puu!

Jirani yake, muuguzi mstaafu, alisikia kishindo, akaja mbio. Alikuwa rafiki mkubwa wa marehemu mke wa fundi. Alimpa maji, akakaa naye mpaka alipopata nguvu.

"Shemeji, unataka kujiua?"

"Nataka kupungua."

"Kwa njaa? Ukijinyima mchana, jioni unakula kwa hasira. Usiruke mlo, punguza chakula. Chukua sahani ndogo, nusu yake iwe mboga za majani. Soda acha, kunywa maji. Kula polepole, maana shibe huchelewa kufika. Na utembee kila siku. Nguo za wateja zipeleke kwa miguu."

"Na hili tumbo litaondoka lini?"

"Lilikuja haba na haba, litaondoka haba na haba. Na dawa za daktari usiziache."

Fundi alishusha pumzi. "Sahani ndogo naiweza, shemeji. Binti zangu ndio siwawezi."

"Waambie ukweli. Wanakupenda, hawatakumeza."

Jioni aliwaita, akawaeleza. Kifungua mimba alinuna.

"Kwa hiyo chakula changu kimekuwa sumu?"

"Hapana, mama. Ni kitamu mno. Lakini nakula hata nikiwa nimeshiba, ili msikasirike. Presha yangu imepanda kama ya mama yenu. Sitaki mnizike mapema."

Kifungua mimba akaanza kulia.

"Mama alipoondoka, sikujua nikufanyie nini, Baba. Nilijua kupika tu."

"Nilijua, mwanangu. Ndiyo maana nilikula."

Wakakubaliana kupika kwa zamu, sahani moja ndogo, mboga nyingi. Wasio na zamu wangetembea naye jioni. Mwanzoni alifika mwisho wa mtaa tu, akageuka. Baadaye walikwenda mbali zaidi. Njiani walizungumza habari za mama yao, jambo ambalo wakati wa sahani tatu hakuna aliyethubutu kulifanya.

Uzito ulipungua taratibu. Kuna wakati ulikwama, fundi akakata tamaa, muuguzi akamgombeza. Miezi ikapita. Daktari akampima tena, safari hii akatabasamu. Presha ilikuwa imeshuka. Akamwambia aendelee na dawa, na aendelee vivyo hivyo kula na kutembea.

Wiki hiyo fundi na binti zake walipanda kilima cha makaburini. Tangu siku ya mazishi fundi hakuwahi kurudi huko, pumzi zilimkatalia. Alipumzika njiani mara kwa mara, lakini alifika. Kaburi la mkewe lilikuwa limeota magugu. Fundi akainama, akaanza kuyang'oa. Binti zake wakasogea wamsaidie.

"Niacheni," alisema, machozi yakimtoka. "Hii kazi ni yangu, na sasa naiweza."