Jiwe la Rangi ya Asali

"Mwizi ni mwizi tu, hata akivaa aproni," Shangazi alikuwa anasema. "Nilikupa jiwe, ukanirudishia chupa."

"Nilikurudishia jiwe lako mkononi," Fundi alijibu. "Ukatia dole gumba kwenye daftari, ukalipokea. Au lile dole lilikuwa la paka?"

"Usiniletee paka wako hapa. Mimi sisomi daftari lako."

"Siku ya kujisifu nalo ulisoma vizuri sana. Leo ya kulaumu ndiyo macho yameingia kutu."

Hivyo ndivyo Inspekta alivyoukuta ule ua saa nane mchana, koplo wake nyuma. Ilikuwa nyumba ndefu ya vyumba kumi, mitano huku mitano kule, bomba moja katikati na kamba nne za nguo. Kila mlango ulikuwa na mtu. Asiyekuwa na kazi alijitafutia: mmoja alifagia mahali palipokwisha kufagiliwa, mwingine alianua nguo zinazochuruzika maji.

Inspekta alikuwa mama mfupi, mnene, mwenye sauti ya chini. Miaka ishirini na miwili kwenye upelelezi ilimfundisha kumshuku kila mtu kwanza, kisha kuomba radhi baadaye. Hata saa yake hakuiamini. Alikuwa anauliza saa kwa watu wawili.

"Nani alipiga simu polisi?" aliuliza.

Shangazi na Fundi wakatazamana, kila mmoja akidhani ni mwenzake.

"Mimi, afande."

Alikuwa binti wa miaka kama ishirini na minne, ameshika bahasha ndogo kwa mikono miwili. Shangazi alikuwa amemlea tangu baba yake afariki. Baba huyo, kaka yake Shangazi, alikuwa mchimbaji wa madini, na mwaka aliozaliwa binti alichimba jiwe moja kwa mikono yake, la rangi ya asali, akakataa kuliuza. Shangazi akalitunza kwenye kopo miaka yote. Mwezi huu wakaamua likatwe na kuvalishwa pete. Fundi wa mlango wa mbele, mkata vito, akalikata. Jumamosi akalirudisha. Leo Jumanne binti amelipeleka kwa sonara.

"Sonara akasemaje?"

"Aliliangalia kwa lenzi, afande. Akanirudishia kwa vidole viwili, kama mtu anayetoa unywele kwenye chakula. Akasema, 'Dada, hiki ni kioo.'"

"Baba yako alikuachia kitu kingine?"

"Jina lake tu."

"Shangazi alikuambia upige simu?"

"Alinikataza. Alisema tuyamalize nyumbani."

Inspekta aliandika hilo kwenye kijitabu chake. Hakumtazama Shangazi alipoandika.

Walianza na Fundi. Chumba chake cha mbele kilikuwa na meza moja ya kazi, gurudumu la kusugulia, vijiti vya kubandikia mawe kwa nta, na mizani ndogo ndani ya sanduku la kioo. Mikono yake ilitulia, shingo ndiyo ilitoka jasho.

"Kukata vito umeanza lini?"

"Miaka thelathini sasa."

"Umewahi kushtakiwa?"

"Kwa kelele za gurudumu. Na yule pale dirishani."

Dirishani kichwa kikatoweka upesi. Alikuwa jirani wa ukuta mmoja na Shangazi, ambaye mtaa mzima ulimwita Bi Redio kwa sababu hazimwi.

"Afande," Fundi alisema, "ukinipeleka kituoni leo, ofisi ya madini wanafuta leseni yangu kesho. Hata ukiniachia keshokutwa, haitarudi. Nani atampa jiwe mtu aliyewahi kulala mahabusu kwa ajili ya jiwe?"

"Basi nishawishi."

Fundi akafungua daftari. Kila jiwe lililoingia au kutoka lilikuwa na namba mbili, na chini yake dole gumba la mwenye jiwe.

"Hii ni uzito wa jiwe likiwa kavu. Hii ni uzito wake likining'inia ndani ya maji. La Shangazi, siku ya kutoka, gramu mbili nukta nane. Majini, gramu mbili kamili. Maji yamelipunguzia nukta nane, ambao ndio uzito wa maji yanayojaa nafasi ya jiwe. Gawanya. Unapata tatu na nusu. Maana yake jiwe ni zito mara tatu na nusu kuliko maji ya ukubwa wake. Topazi ndivyo ilivyo, iwe ndogo kama punje au kubwa kama ngumi."

"Na hiki?" Inspekta akamimina kilichokuwa kwenye bahasha.

Fundi alikigusisha kwenye mdomo wa chini kwanza. "Kimeshapata joto la mdomo wangu. Jiwe lingebaki baridi." Akapima. Kikavu, gramu mbili. Majini, moja nukta mbili. "Ukubwa ni uleule karibu. Lakini gawanya: mbili na nusu. Kioo."

"Daftari umeandika kwa mkono wako."

"Ndiyo."

"Mkono huandika chochote. Na Shangazi alipotia dole, jiwe bado lilikuwa mezani kwako. Ungeweza kulibadili wakati wa kulifunga kwenye karatasi."

Fundi alifikiri. "Ningeweza," alisema.

Jibu hilo lilimpendeza Inspekta, na kwa hiyo akazidi kumshuku. Mwizi mwenye akili naye hujibu hivyo.

"Ila tazama hapa, afande." Fundi akampa lenzi. "Kingo zake zimeviringika kama sabuni iliyotumika. Hakikukatwa, kilimiminwa kwenye kalibu. Ndani kuna mapovu mawili, unayaona? Na nyuma pana gundi kavu. Kimebanduliwa kwenye pambo. Mimi nina vioo vya kujifunzia boksi zima. Ningetaka kuiba, ningekata kioo chenye kingo kali, hata sonara akakuna kichwa kwanza. Kusema nimeiba ni tusi. Kusema nimeiba kwa takataka hii ni tusi la pili."

Koplo alikohoa kuficha kicheko. Inspekta hakucheka. Alikitia kile kioo kwenye mfuko wa vielelezo, akaandika: *gundi*.

"Usitoke nje ya nyumba hii," alimwambia Fundi.

Bi Redio hakuhitaji kuitwa. Alikwishaleta viti viwili.

"Mimi si mtu wa maneno, afande," alianza.

"Nimeambiwa."

"Lakini yule Shangazi, Jumamosi alitunyanyasa. Kutwa anazunguka uani na jiwe kwenye kiganja. Jueni hili, jueni lile. Nikamwambia, mama, hata kitako cha chupa kikisuguliwa kinang'aa."

"Ulimwambia hivyo mbele za watu?"

"Ua ulijaa. Walicheka mpaka waliokuwa chooni." Bi Redio akashusha sauti kidogo, yaani ikafika bombani tu badala ya barabarani. "Alikasirika. Akasema, 'Kaka yangu hakuchimba chupa. Jiwe la kweli halivunjiki hata kwa nyundo.' Akaingia ndani, akabamiza mlango."

"Kisha?"

"Kisha nini? Nilikuwa chumbani kwangu. Ukuta wetu ni mmoja, mtu akipiga chafya huku, mwenzake anasema afya kule. Nikasikia ko. Mara moja. Nikajua anapigilia msumari."

"Msumari hupigwa mara moja?"

Bi Redio akafungua mdomo, halafu, kwa mara ya kwanza mchana ule, akaufunga.

"Wewe mwenyewe unajua kutofautisha jiwe na kioo?" Inspekta aliuliza.

"Mimi? Afande, mimi hata chumvi na sukari naonja kwanza."

"Na Jumamosi mpaka leo umeingia chumbani kwa Shangazi?"

"Tangu neno lile la chupa, hata salamu hanipi. Ningeingilia wapi?"

Inspekta akasimama. Mpaka hapo alikuwa na watu watatu wa kushukiwa, na wote watatu walikuwa wanamtazama kupitia mapazia yao.

Shangazi aliruhusu chumba kikaguliwe. Angekataa vipi, na yeye ndiye aliyeibiwa? Alisimama kando ya kitanda, fundo la kanga yake kiunoni amelishika kama mwenye maumivu ya tumbo. Binti alisimama mlangoni.

Chumba kilikuwa safi mno. Kitanda, kabati, jiko la mafuta, kinu kidogo na mchi wake wa chuma. Inspekta alipiga goti kizingitini, pumzi ikamtoka. Kwenye saruji palikuwa na kidonda kipya, cheupe, kikubwa kama ncha ya kidole. Aliwasha tochi ingawa ulikuwa mchana. Ndani ya ufa kitu kikametameta.

"Koplo. Kibano."

Kilikuwa kijipande kidogo kuliko punje ya mchele, rangi ya asali. Inspekta aliinuka, akatazama ukutani. Palikuwa na picha ya zamani: Shangazi kijana, amevaa gauni, masikioni herini kubwa zenye vito vya njano.

"Ulipendeza," Inspekta alisema.

"Siku hizo, mwanangu."

"Herini bado unazo?"

"Zilipotea."

"Zote mbili?"

Shangazi alikaza fundo la kanga. Binti ndiye aliyesema, bila kujua anasema nini: "Shangazi, si zipo kwenye kopo la jiwe? Mimi nimeziona hata Ijumaa."

Kopo lilikuwa juu ya kabati. Koplo alilishusha, akalifungua. Herini zilikuwemo. Moja ilikuwa na kito chake. Nyingine ilikuwa na shimo tupu lenye gundi kavu. Inspekta akakitoa kile kioo mfukoni kwa kibano, akakiweka kwenye shimo. Kikakaa kama jicho linavyokaa kwenye tundu lake.

Fundi aliitwa. Akapewa kile kijipande na lenzi, akaenda nacho dirishani. Kisha akachukua chupa tupu kando ya jiko, akakikwaruza juu yake. Mstari mweupe ukatokea kwenye chupa, kijipande hakikuumia.

"Topazi," alisema polepole. "Na tazama uso huu, afande. Umenyooka, unang'aa, kana kwamba umepitiwa na wembe. Topazi ina mshipa mmoja ndani yake, kama ukuni. Ukiigonga ikiwa imekaa vibaya, inapasuka hapohapo."

"Nilidhani ni jiwe gumu," Inspekta alisema.

"Ni gumu kukwaruzwa. Kisu hakiliwezi, chupa hailiwezi. Watu wakisikia gumu wanadhani halivunjiki. Kuna chuma unachoweza kukichora kwa msumari, na ukakipiga nyundo kutwa kisivunjike. Hili hata msumari haulichori, na mchi mmoja unalimaliza." Alikuwa ametazama kinu, kisha kizingiti, kisha uso wa Shangazi. "Jirani," alisema kwa sauti nyingine kabisa. "Jirani, ulilipiga?"

Shangazi akakaa kitandani.

"Una haki ya kunyamaza," Inspekta alisema. "Ukisema, nitaandika."

"Andika." Sauti ilikuwa kavu. "Walinicheka. Wote. Nikaingia ndani nikasema nitalipiga mara moja, halafu nitoke nalo zima, niwaonyeshe. Yule mwenye mdomo ale maneno yake. Nikaliweka pale kizingitini. Nikachukua mchi."

"Ukalipiga mara moja."

"Mara moja tu. Likawa mawili." Akafungua lile fundo la kanga. Ndani ya kipande cha pamba mlikuwa na jiwe lililopasuka, nusu moja kubwa na nyingine ndogo, na vumbi linalong'aa. "Nikajua basi, kumbe ni chupa kweli. Bi Redio kasema kweli. Kaka yangu alikufa anajisifia chupa, na mtoto wake hana kitu. Nikaona bora asijue. Nikabandua kioo cha herini. Kikishakaa kwenye pete, nani atakipima?"

"Sonara," Inspekta alisema.

"Sonara. Mtoto aliporudi analia, ulimi wangu ukatangulia. Nikasema ni Fundi. Nilidhani tutagombana wiki moja, yaishe, kama tunavyogombana siku zote. Sikujua angepiga simu."

"Ulijua leseni yangu," Fundi alisema.

"Nilijua." Akainamisha kichwa. "Siku hizi nne sikulala, jirani."

Binti alikuwa bado mlangoni. Alivuka chumba, akachukua ile pamba, akaishika nusu kubwa kwenye mwanga.

"Kwa hiyo si chupa," alisema.

"Si chupa," Fundi alisema. "Baba yako alijua alichochimba. Hii kubwa naikata upya. Uso uliopasuka hausuguliki vizuri, lakini nikiuinamisha digrii chache utakubali. Pete itapatikana. Na hii ndogo pia ina kitu."

Binti alimgeukia Shangazi. "Ungeniambia ningelia siku moja," alisema. "Mimi leo nimemwita mjomba Fundi mwizi barabara nzima." Akatoka, akavuka ua, akaingia kwa Fundi, na ndani ikasikika sauti ya mke wa Fundi ikimpokea.

Inspekta alifunga kijitabu. "Fundi, kumsingizia mtu kwa polisi ni kosa. Wewe ndiye uliyeumizwa. Unataka twende kituoni?"

Fundi alitazama mikono yake. "Nataka aseme. Hapa uani, kwa sauti ileile aliyoniitia mwizi. Na wewe uandike kwamba jiwe halikuibwa, nipeleke karatasi hiyo ofisi ya madini."

Shangazi alitoka, akasimama karibu na bomba, akasema. Alisema yote, mchi na herini na uongo. Milango kumi ilikuwa wazi na hakuna aliyekuwa anafagia. Alipomaliza, hakuna aliyecheka. Milango ikafungwa mmoja mmoja, taratibu, na hilo lilikuwa baya kuliko kicheko. Shangazi akabaki ameketi peke yake kwenye kizingiti chake, juu ya lile kovu jeupe.

Inspekta alimpa Fundi karatasi, akamwita koplo, akaondoka. Langoni aligeuka, kwa mazoea ya kazi tu. Hakuamini kwamba jambo limekwisha mpaka alione limekwisha.

Fundi alikuwa bombani, ananawa mikono. Alinawa muda mrefu.

"Jirani," alisema bila kugeuka.

Shangazi aliinua kichwa.

"Roho yangu bado haijatulia, nisikudanganye. Lakini mke wangu amepakua sahani tano. Mimi, yeye, mtoto wako, na Bi Redio, ambaye hakuna aliyemwalika na ameshakaa." Akafunga bomba. "Ya tano inapoa. Inuka, nawa mikono, uingie ule."